Maua Tuliyochuma Kabla ya Nyuki

Nilirudi Likasi mvua zikiwa katikati, nimekaa juu ya magunia nyuma ya lori lililotoka Kolwezi. Nimefika umri wa miaka arobaini na kitu nikiwa barabarani: Kolwezi, Kasumbalesa, Kalemie, kisha Kolwezi tena. Kila mji niliuacha nikidhani unaofuata utanikalisha. Safari hii sikudhani chochote. Nilitaka kiti tu, na mtu ambaye hataniuliza nimekuja kufanya nini.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, bado anakaa mtaa wa Shituru, katika nyumba aliyotuachia baba, moja ya zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Jiko liko nje, na nyuma yake kuna lupango ndogo, kiwanja cha kulima mboga kinachoshuka hadi kwenye mfereji. Alinipa kiti, akanipa sahani ya bukari, ugali wa kwetu, akarudi kwenye kazi zake. Zamani alikuwa akiuliza nitakaa muda gani. Aliacha kuuliza, nami nilimshukuru kwa hilo bila kumwambia.

Kiti changu kilitazama lupango, kwa hiyo kila asubuhi nilimwona akifagia. Katika majani na matope, ufagio wake ulikuwa ukikusanya pia maboga machanga, mengine makubwa kama limau, mengine kama yai la kuku. Yalikuwa yamegeuka rangi ya njano na kulegea upande ule ambapo ua lilikuwa limekauka. Aliyazoa pamoja na takataka na kuyatupa shimoni. Nilipomuuliza, alisema tangu Noeli yanaanguka tu, hata moja halijashika. Alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja maumivu ya mgongo ambayo yamekuwa naye siku nyingi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba yale yalikuwa maboga ya mama.

Boga la mama lilikuwa na ngozi ya kijivu, na mistari myeupe iliyoshuka kutoka kikonyoni kama maji yaliyomwagika. Halikuwa kubwa. Nyama yake ilikuwa kavu. Ukiipika inavunjika kama kiazi kitamu kizuri, na unaweza kuila bila chumvi wala sukari. Mama alitoka na mbegu zake kwao kaskazini, Lubani, nchi ya kabila lake, alipokuja kuolewa na baba, ambaye alikuwa Mubemba na aliyekuwa akisema kwamba maboga ya kwao ni bora kuliko hayo. Alisema hivyo maisha yake yote, huku akiongezewa sahani. Mama alilima ng'ambo ya reli, shamba kubwa kiasi kwamba sisi watoto tuliweza kupotezana ndani yake. Leo pale ni nyumba tu, bati kwa bati.

Alipofariki, dada alibaki na mbegu. Alizihifadhi kama mama alivyofanya: zimeoshwa, zimekaushwa kivulini, zimechanganywa na majivu ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo limewekwa juu jikoni penye moshi. Kila mwaka alipanda chache lupangoni. Kila mwaka kopo lilipungua, maana mavuno ya kiwanja kidogo hayarudishi kinachotoka. Mwaka huu alipolifungua alikuta wadudu wametoboa nyingi. Mama alikuwa na sharti lake, kwamba usiipe udongo mbegu zako zote kwa siku moja. Dada alilivunja. Aliogopa kwamba akisubiri mwaka mwingine hatakuta hata moja nzima, akazipanda zote zilizobaki. Yakaota mashina mawili.

Kwa hiyo boga la mama lilibaki katika mashina yale mawili, na mahali pengine popote ambapo mtu wa kwao kaskazini labda bado analipanda, lakini sisi hatuna tena mtu tunayemjua huko. Dada hakunieleza hivyo kwa urefu. Alisema tu kwamba kopo ni tupu. Nilitazama juu jikoni na kweli lilikuwa limegeuzwa, mdomo chini.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Udongo umechoka. Mvua ni nyingi. Kuna jicho baya. Dada aliweka majivu kuzunguka mashina, akamwaga maji ya kuoshea samaki, na mwishowe akayanyunyizia maji ya baraka yaliyobaki ya Pasaka, halafu akaona aibu na kuniambia nisimwambie padri. Mimi sikuwa na maelezo. Nilikuwa nikila tu.

Lakini maelezo yenyewe yalikuwa katika nilichokuwa nakula. Kwetu boga si tunda peke yake. Majani machanga tunayaita chibwabwa. Unavunja ncha za shina, unayamenya nyuzi, unayapika na unga wa kalanga. Na maua pia tunayatia humo, maana yanafanya mchuzi uwe mzito na yana utamu wake. Lakini ua lazima lichumwe mapema, kabla jua halijapanda. Likiwa wazi na umande ndani, unalikung'uta sisimizi watoke, unang'oa kile kijiti cha katikati chenye uchungu, unaliosha. Jua likishakuwa kali ua linajikunja na kulegea, na halifai tena. Hivyo wanawake wa Katanga wanaamka na kuchuma kukiwa bado na baridi. Dada aliamka kabla yao wote. Alichuma ya kupika nyumbani, na akafunga mafungu mengine ya kuuza mlangoni kwa wale wanaoenda kazini mapema.

Hakuchuma hovyo. Yale maua yenye uvimbe mdogo chini yake, yenye "mutoto", hakuyagusa. Mama alitufundisha hivyo tungali wadogo: ua lenye mtoto liache, litakuwa boga. Alichuma yale mengine tu, yanayosimama juu ya kikonyo kirefu, chembamba, bila kitu chini. Hayo kwetu ni maua ya bure. Dada alikuwa akiyachuma yote, bila kubakiza. Sababu ya kuyabakiza ilikuwa ipi?

Siku moja aliweka fungu mezani mbele yangu, akachagua moja refu na kulishika mbele ya uso wangu.

"Iko sawa na weye, mudogo," alisema. "Inasimama juu, inavaa muzuri, kisha inaenda. Mutoto haina."

Nilicheka, maana ni kweli. Halafu nikala lile ua pamoja na mengine.

Asubuhi nyingine, baada ya usiku wa mvua, nilikuwa kitini na kikombe cha chai. Dada alikuwa ameshachuma. Jua lilitoka, na nyuki mmoja akafika lupangoni. Nyuki si wengi siku hizi pale, na hapo pia kila mtu ana sababu zake. Huyu alipita juu ya mashina yote mawili, akaingia ndani ya ua moja tu lililokuwa wazi, lenye mtoto chini yake, akakaa humo, akatoka. Alizunguka tena. Hakukuwa na ua jingine la kuingilia. Akaondoka kuelekea uzio wa jirani, na mimi nikabaki nikitazama vikonyo virefu vilivyokatwa, vyote vikitoa maji.

Nilisoma hadi mwisho wa sekondari, upande wa biolojia na kemia. Ni elimu ambayo haijanisaidia kupata kazi yoyote niliyowahi kufanya. Lakini mwalimu wetu alikuwa anachora vizuri, na michoro yake imebaki kichwani mwangu. Alichora ua ubaoni kwa chaki za rangi: vikonyo vyembamba vya kiume vyenye ule unga wa njano unaoitwa chavua, na katikati yao mrija wa kike ambao chini yake kuna mfuko wa mbegu changa. Vyote ndani ya ua moja, kama baba na mama katika chumba kimoja. Lilikuwa ua la ile miti ya haibiskasi iliyopandwa mbele ya shule. Tulilichora wote. Alituambia kwamba punje ya chavua ikigusa kichwa cha ule mrija inaota, inashusha uzi mwembamba kuliko unywele hadi kwenye mbegu changa, na kila mbegu inahitaji punje yake. Zisipofika, mti hauoni sababu ya kulisha tunda, unaliacha lianguke. Mwishoni, kengele ikiwa imeshalia, alisema kuna mimea inayotenga: maua ya kiume peke yake, ya kike peke yake. Nadhani alitaja mahindi. Nadhani alitaja maboga pia, lakini wakati huo tulikuwa tunafunga madaftari.

Nilinyanyuka nikaenda kuliona lile ua. Ndani yake kulikuwa na kichwa chenye vipande vitatu, kinang'aa, kisafi kabisa. Hakikuwa na hata punje ya njano.

Dada alikuwa anaosha sufuria. Nilimwambia yale maua anayoyachuma kila asubuhi ndiyo baba wa maboga. Unga ulio kwenye kile kijiti anachong'oa na kukitupa ndio unaotakiwa kufika kwenye ua lenye mtoto, na nyuki ndiye mbebaji. Tunachuma kabla nyuki hajaamka. Akija hakuna cha kubeba.

Aliendelea kusugua. "Mama alikuwa anachumaka vile vile," alisema.

"Mama alikuwa na shamba, yaya. Alikuwa anachoka kabla ya kuyamaliza."

Aliiweka sufuria chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, upande huu, upande ule, kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Basi ni mukono yangu," alisema.

Nilisema kwamba sote tuliyala. Akaniuliza shule yangu ilikuwa imelala wapi muda wote ule sahani zilipokuwa zinajaa.

Tatizo likawa kwamba tulikuwa tumechelewa. Ua la asubuhi ile lilikuwa limeshajifunga, na vijiti vya maua yaliyochumwa vilikuwa vimeshatupwa. Mashina yalikuwa yameanza kuzeeka. Majani ya chini yalikuwa na ukungu mweupe, na ncha nyingi dada alikuwa amezivunja kwa ajili ya mboga. Tulitafuta pamoja, tukiinua jani moja baada ya jingine kama watu waliodondosha pete. Hatukukuta chipukizi hata moja la ua la kiume lililokaribia kufunguka. La kike tulilikuta moja, kwenye ncha ambayo mkono haukuifikia kwa kuwa ilipita nyuma ya jiko. Lilikuwa limefumba, na ncha yake imeanza kuwa njano. Nilimwambia litafunguka kesho. Nilimwambia pia kwamba ua la boga hufunguka asubuhi moja tu. Kufika saa za watu kunywa chai ya pili litakuwa limejifunga, na halitafunguka tena.

Upande wa pili wa uzio kulikuwa na boga la jirani, lililoota lenyewe kwenye maganda ya jikoni, likapanda miti ya uzio na kujaa maua. Jirani huyo ni mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka Maniema, anauza vitenge sokoni. Asubuhi anaswali, anaondoka. Hana muda wa kuchuma maua. Boga lake lilitokana na boga la sokoni, lile la rangi ya machungwa, lenye maji mengi. Majani yalifanana na yetu. Niliona litafaa, nikamwambia dada.

Aliniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Nikiweka unga ya kule, itakuwa boga ya mama?"

Nilimweleza nilivyofundishwa. Tunda lenyewe, ngozi na nyama, linatoka kwenye shina linalolibeba. Litakuwa la mama, kijivu na mistari yake, na ladha ile ile. Lakini mbegu zilizo ndani zitakuwa na baba mwingine. Ukizipanda, hujui kitakachotoka.

"Na nisipoweka?"

"Itaanguka, yaya."

Alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Mvua ilianza tena, ile nyembamba isiyo na haraka. Nilimwona anahesabu kichwani, nadhani, kama mashina yatatoa tena ua la kiume na la kike kwa wakati mmoja kabla ya mvua kukata. Nilijua jibu, naye alilijua. Niliingia ndani nikalala mchana, jambo ninalolifanya mara nyingi siku hizi.

Nilipoamka alikuwa tayari amekwenda kumwita jirani kwenye uzio. Nikawafuata. Dada alikuwa anaeleza, kwa haya, kwamba anaomba ua moja, la kesho, na kwa ajili gani. Jirani alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Kwetu bwana ndiye anayekuja kuposa, na mbuzi," alisema. "Ninyi munakuja kumuchukua bwana kwangu mikono mitupu. Mbuzi itoke wapi sasa?"

"Tutakupa mutoto wa kwanza," dada alisema.

"Wa kwanza na wa mwisho, dada. Hilo shina lako nimeliona."

Kisha akanigeukia mimi na kuuliza kama papa, ndivyo alivyoniita, kwa kuwa amesoma, ndiye atakayefungisha ndoa. Dada akasema hapana, atafanya mwenyewe. Jirani akasema achukue maua anayotaka, na kama anaweza, achukue na shina zima, linamharibia uzio.

Asubuhi kulikuwa na ukungu kutoka bondeni. Ua la nyuma ya jiko lilikuwa limefunguka. Dada alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Sikumuuliza kwa nini. Alikuwa ameshika maua ya jirani, yamefunguka vizuri, na nilimwonyesha jinsi ya kuyararua majani ya njano pembeni mpaka kibaki kile kijiti kimejaa unga. Alipiga magoti kwenye matope. Alikigusisha kijiti kwenye vile vipande vitatu, akazungusha polepole, akachukua kingine akarudia, ili punje zitoshe kwa kila mbegu na boga lisikue upande mmoja. Unga ulimshika vidoleni. Halafu alilifunga lile ua mdomo kwa uzi wa kushonea, mvua isije ikaosha kazi. Hakusema sala niliyoisikia. Alibaki amepiga magoti kidogo, kisha akanyoosha mkono nimwinue, maana magoti yake si yale ya zamani.

Lilishika. Mwanzo hatukuamini. Kila asubuhi dada alienda nyuma ya jiko kabla ya kufagia, na mimi kutoka kitini nilisikiliza kama ufagio utaanza haraka au utachelewa. Ulikuwa unachelewa, maana alikuwa akilitazama. Boga lilipita ukubwa wa limau, likapita yai, likaanza kupata mistari. Dada aliacha kuchuma chochote kwenye mashina yale, hata jani, na waliozoea mafungu ya mlangoni wakalalamika. Nilikaa mpaka mvua zikakata. Nilikuwa nimekusudia kuondoka mapema zaidi.

Tulilipasua baridi ilipoingia. Nusu ilienda kwa jirani kutimiza ahadi, maana mtoto alikuwa mmoja tu. Nusu yetu tuliichemsha bila kitu. Dada aliweka kipande mdomoni, akaweka kingine. Lilikuwa lenyewe. Ukavu ule, na ule utamu unaokuja nyuma, baada ya kumeza. Tulikula tumetazama mezani, hatukutazamana.

Mbegu alizitandaza kwenye ungo. Zilikuwa nyeupe na nene, na kwa macho hazikuwa na tofauti yoyote na zile za kopo. Alichukua moja, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

"Hapa ndani ni nusu," alisema.

"Nusu, ndiyo."

"Papa yetu naye alitokaka kwingine," alisema, na kuzichanganya na majivu.

Mvua zilizofuata nilikuwa Kasumbalesa, nikipakia na kupakua mizigo ya wengine. Dada alinipigia simu mara kadhaa. Alikuwa amepanda sehemu tu ya mbegu, kopo lina akiba. Anachuma maua, lakini anayaacha mengine yasimame mpaka nyuki wapite, na siku nyuki wasipokuja anafanya mwenyewe. Maboga yanashika. Lakini hayafanani sana, alisema. La jirani lilitoka sokoni, na nani ajuaye baba zake. Moja ni la machungwa kabisa. Jingine ni kijivu lakini halina mistari. Moja lina mistari iliyokatika katika. Aliniuliza lipi ndilo la mama. Sikuweza kumwambia kwa simu. Akasema basi nije nionje, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki anayejua ladha ile isipokuwa mimi na yeye, na yeye peke yake hajiamini.

Nilichoka kufikiria safari, lakini nilikwenda.

Alikuwa ameyapanga kwenye kizingiti cha jiko. La machungwa lilikuwa maji matupu, tulilimaliza kwa heshima tu. La kijivu lilikuwa zuri. Lile la mistari iliyokatika lilikuwa zuri pia, kwa namna nyingine. Mimi nilisema la mistari ndilo lililokaribia, kwa sababu ya ukavu. Dada alisema hapana, la mama halikuwa kavu hivyo, lilikuwa na utamu kuliko hili, nimesahau kwa kula chakula cha njiani. Nikamwambia yeye ndiye amesahau, mwaka jana tu tumelila hapa hapa. Tukaonja tena. Tukabishana taratibu, kama watu waliochoka wanavyobishana, mpaka vipande vyote viwili vikaisha na hatukuwa tumepatana.

Mwishowe alileta makopo mawili. Mbegu za kijivu akaziweka katika moja, za mistari katika jingine, akaniambia niandike alama juu ya lile langu ili asije akasema mwakani kwamba ni lake.